Nimeanza tena kushona

Mara ya kwanza nilisoma Une si longue lettre ya Mariama Bâ, kitabu hakikuwa na mwisho. Kilikuwa kimepita kwa mikono ya kalasi yetu nzima na kalasi zilizotutangulia, jalada lilishaenda, mtu alikuwa amekishona na uzi wa gunia, na karatasi za mwisho zilichanika zamani hakuna aliyejua ziko wapi. Ilikuwa 2002 hapa Bukavu, Kongo, niko kalasi ya tano ya sekondari, nina miaka 17, na zamu yangu ya kukaa nacho ilikuwa siku tatu. Nilikisoma usiku mara mbili kwa taa ya mafuta, siku ya tatu nikakirudisha, nikaandika muhtasari, nikapata pointi nzuri. Nikakaa miaka nikisema nakijua.

Kwa asiyekisoma, habari yenyewe ni hii. Ramatoulaye, mwalimu wa Senegali, mama ya watoto 12, amefiwa na bwana yake Modou. Huyo Modou alikuwa ameshamwacha na watoto akaenda kuoa Binetou, rafiki wa binti yao Daba, msichana ambaye alikuwa anakuja pale pale nyumbani kusoma na Daba. Sasa Ramatoulaye amekaa ndani miezi minne na siku kumi kama dini yake inavyotaka, kule pwani wanaita eda, na ndani ya siku hizo anamwandikia rafiki yake wa utoto, Aissatou, ambaye yeye alikataa kuvumilia mke wa pili, akaachana na bwana, akarudi masomoni, akaenda kufanya kazi Marekani kwenye ubalozi wa nchi yao. Kitabu kizima ni hiyo barua. Kilitoka 1979, 1980 kikapata zawadi ya Noma, ile ya vitabu vya Afrika, ya kwanza kabisa, na 1981 Mariama Bâ akafariki, hakuishi kuona riwaya yake ya pili ikichapwa.

Wakati huohuo mi pia nilikuwa naandika barua. Si unajua tulivyokuwa, kuanzia Agosti 1998 nchi ilikatika vipande kwa vita, Bukavu upande mmoja, Lubumbashi upande mwingine, na mama mdogo wangu, mdogo wa mama yangu tumbo moja, alikuwa Lubumbashi na bwana yake. Posta hakuna. Simu za mkononi zilikuwa za watu wachache. Kulikuwa na foni, simu ya redio, unalipa, unapanga mstari, ukifika unasema sentensi moja halafu "ova" unangoja, na wote walio ndani ya chumba na wote wenye redio huko njiani wanasikia kama mtoto wako anaharisha. Kwa foni mama alikuwa anaona haya, anasema "tuko sawa, ova" anamwachia anayefuata.

Njo tukatumia ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Ilikuwa fomu ya karatasi moja tu, kuna fasi ya kuandika na kuna fasi ya jibu, haifungwi kwa bahasha juu lazima iweze kusomwa njiani, na unaruhusiwa habari za familia peke yake: nani amezaliwa, nani amefariki, nani anaumwa, nani amepita kalasi. Mambo ya vita hapana. Askari hapana. Mama alikuwa anasema, mi naandika, juu mwandiko wangu ulikuwa unasomeka, na jibu liliweza kukaa miezi.

Na kila ujumbe wa mama mdogo, kila mmoja, ulikuwa na kuku. Yeye na mama wakiwa wasichana walipanda bato kwenda Goma na kuku wa zawadi, kuku akakata kamba katikati ya ziwa, kisiwa cha Idjwi kinaonekana pale, abiria wote wakaanza kumkimbiza mpaka kapiteni mwenyewe akatoka kuuliza kuna nini. Mama alikuwemo! Yeye njo alikuwa ameshika kamba. Sasa karatasi ni moja, mwaka mzima unapata mbili tatu, na mtu anachukua mistari mitatu kumsimulia mama kitu mama alichokiona na macho yake. Ilikuwa inanikasirisha kabisa. Mi nilikuwa nataka habari.

Hasira hiyohiyo nilikuwa nayo kwenye kitabu. Ramatoulaye anamwandikia Aissatou habari za Aissatou! Namna alivyopendana na Mawdo, bwana yake, namna mama mkwe alivyomchukua yule Nabou mdogo akamlea makusudi aje kuwa mke wa mwanae, mpaka na barua Aissatou aliyomwachia Mawdo siku ya kuondoka, anamrudishia maneno yake mwenyewe aliyeyaandika. Kwenye muhtasari niliandika kwamba hiyo ni udhaifu, mwandishi anataka kutuambia sisi wasomaji, halafu anajifanya anamwambia rafiki. Prof akaweka alama ya vizuri pembeni.

Vita ikaisha kwenye karatasi, 2003, njia zikafunguka kidogo kidogo, na 2006 mama mdogo akaja akakaa wiki tatu. Usiku mmoja wanachambua maharagi akamwambia mama kwamba katikati ya ile miaka alizaa mtoto mwanamume, akakaa naye miezi minne, akamzika. Hakuandika. Habari za familia ziliruhusiwa, fasi ilikuwepo kwenye karatasi, hakuandika. Mama hakumuuliza kwa nini. Mi nilikuwa naosha vyombo, nikaacha mikono ndani ya maji juu niliogopa hata kugonga sahani.

Halafu tarehe 3 Februari 2008, asubuhi ya siku ya Mungu, Jumapili, tetemeko likapiga Bukavu. Kwetu ukuta mmoja ulipasuka toka juu mpaka chini, na watu wa kartie wakaogopa kurudi ndani, tukalala nje siku kadhaa, vitu tulivyotoa haraka tumevirundika uani. Kati ya hivyo vitu kulikuwa na kopo la biskuti la mama lenye zile karatasi za Msalaba Mwekundu. Usingizi haukuwepo, ardhi ilikuwa bado inatikisika mara moja moja, mama akaniambia basi tusomee. Nikazipanga kwa tarehe nikasoma zote kwa sauti, na tochi.

Moja ilikuwa inasema hivi, naijua kwa kichwa: "Sisi wote wazima. Mvua imenyesha sana huku. Nimeanza tena kushona. Unakumbuka kuku?" Mama akasema rudilia. Nikarudilia. Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, akafika fasi moja akasimama, halafu akasema, "Tena." Neno hilo tu. Mi njo nilisoma ule ujumbe siku ulifika, na nakumbuka tulivyofurahi, tulisema ah, mama mdogo amepata wateja. Hakuna aliyejiuliza aliacha lini na aliacha kwa nini. Mtu haanzi tena kitu kama hakukiacha, na cherehani ya mama mdogo ilikuwa haisimami hata wakati wa njaa, hata wakati ana mimba, alikuwa anashona mpaka wiki ya kujifungua. Mwaka mzima wa huzuni ulikuwa umelala ndani ya hilo neno moja, kwenye kopo, chini ya kitanda chetu, na mi nilikuwa nimeupita kwa furaha.

Mwezi huohuo nikaanza kutafuta kitabu cha Mariama Bâ. Nikakipata kwa kijana anauza vitabu vya mkono wa pili chini barabarani, hiki kizima, na kurasa zote.

Mwanzoni kabisa, Ramatoulaye anasema amepokea neno la Aissatou, na kama jibu anafungua kaye, yaani daftari. Nilikuwa nimeipita hiyo pia! Kumbe tunachokisoma ni ile fasi ya jibu kwenye fomu. Aissatou njo aliandika kwanza, na karatasi yake hatuioneshwi. Halafu mwisho, ule nisiouona nikiwa na miaka 17: Aissatou anakuja kesho. Ramatoulaye ameshawekeana dau na Daba kama mgeni atakuja na kostimu au na gauni refu, na anasema sitakuwekea meza na sahani na uma, nitakutandikia mkeka, na juu yake bakuli kubwa la chakula cha moto ambamo mikono ya wengine pia itaingia. Nilikaa na hiyo kurasa muda mrefu. Anayeandikiwa anafika kesho, kwa hiyo ile kaye yote haihitaji hata stempu ya posta.

Basi nikarudi kwenye zile sehemu nilizoita udhaifu, nikazisoma kama mama anavyosoma kuku. Mtu amefungiwa ndani, amefiwa na mtu aliyekuwa ameshamwacha, hana namna ya kuanza na kile kinachomuuma. Anaanza na njia walizopita wawili, anamchukua mwenzake mkono wanapita tena fasi zote, hapa ulicheka, hapa nililia, hapa ulinunua gari ukanipa (Fiat 125, Aissatou alimlipia juu alisikia anachoka na usafiri wa umma), ili akifika kwenye yale ya kwake peke yake awe ameshika mkono wa mtu. Na mama mdogo, nikaangalia karatasi moja moja: zile ambazo kuku ana mistari mingi ni zile za miezi mibaya.

Kazi yangu mi ni sekretaria, nina chumba kidogo karibu na barabara, ordinateri mbili na mashini ya fotokopi, naandikia watu barua. Za kuomba kazi, za kuomba ruhusa, za mashamba, lakini bado kuna wanaokuja kuandikisha barua ya mtu. Mzee mmoja alikuja kwa ajili ya kijana wake aliye mbali, akasema andika niko sawa. Nikaandika. Akakaa kimya, kuraa ya umeme ikakatika ikarudi, akasema, andika tena niko sawa. Zamani ningemwambia baba, tumeshaliandika hilo. Sasa naandika mara mbili kama alivyosema, na simrekebishi.

Njo maana nilifurahi kujua riwaya za barua za Wazungu zilipata nguvu kutoka kazi kama yangu. Samuel Richardson alikuwa mchapaji huko London, mtu wa mitambo na wino. Akiwa mtoto wa miaka 13 wasichana walikuwa wanamwomba awaandikie majibu kwa wachumba wao. Alipokaribia miaka 50 wauza vitabu wawili wakamwomba atunge kitabu cha mifano ya barua kwa watu ambao kuandika kunawapa shida, na akiwa katikati ya kazi hiyo ikamjia Pamela, msichana mtumishi anayewaandikia wazazi wake mambo tajiri wake anayomfanyia. Ilitoka 1740. Ni ndefu na kuna fasi inachosha, lakini ule wasiwasi wa mtu anaandika haraka na hajui mlango utafunguliwa na nani, huo ni wa kweli kabisa. Msimulizi wa kawaida anajua mwisho anakuficha. Anayeandika barua hajui, yuko gizani na wewe. Ukirudia kusoma, wewe umeshajua na yeye bado, na unamwangalia anaandika "wiki ijayo tutaonana" na moyo unakuuma.

Kilichonifundisha kurudia zaidi ni Les Liaisons dangereuses ya Laclos, afisa wa mizinga wa Ufaransa, 1782, barua 175. Nilikisoma kwenye simu. Mara ya kwanza nilikikimbia kama watu wanavyokimbia na filamu za mfululizo, nani amemdanganya nani, inaendelea. Kuna barua ya 48, Valmont anamwandikia mama Tourvel, mke wa mtu, mcha Mungu, maneno ya mapenzi moto, kwamba hajalala, kwamba hata meza anayoandikia imekuwa takatifu. Ukiisoma peke yake unaweza kulia. Ila ya 47 imeshatuambia ukweli: ameandika akiwa kitandani na mwanamke mwingine, na huyo mwanamke njo amemfanya meza.

Mwaka mmoja baadaye nikajaribu kitu. Nikachukua kaye, nikapita kitabu chote, nikaandika namba za barua zilizofika mikononi mwa Tourvel na zile alizoandika yeye, basi, zingine zote nikaziruka. Nikakisoma hivyo. Jamani. Ni kitabu kingine kabisa! Hakuna mchezo, hakuna akili za Valmont na rafiki yake Merteuil, kuna mama mmoja mwaminifu anayepokea karatasi nzuri na hana njia ya kujua kilichoandikwa kwenye zingine. Nilimwonea huruma ambayo mara ya kwanza sikuwa nayo, juu mara ya kwanza nilikuwa nimekaa upande wa wanaojua. Kama mtu ana riwaya ya barua anaipenda namwomba ajaribu hivyo hata siku moja, achague mtu mmoja asome zile tu zilizomfikia.

Si kila kitabu cha barua kinastahili kurudiwa, naona hivyo. Werther ya Goethe, 1774, nilirudia mara moja ikatosha, anamwandikia rafiki yake Wilhelm lakini unahisi Wilhelm angekuwa ukuta barua isingebadilika. La Couleur pourpre ya Alice Walker nayo kurasa za mwanzo sina nguvu ya kuzifungua tena, naanzia pale Celie anagundua kwamba bwana alikuwa anaficha barua za mdogo wake Nettie miaka yote, na Nettie huko aliko aliendelea tu kuandika bila jibu. Hapo nasoma na kurudia, juu nawajua watu wa namna hiyo. Na kuna zile zisizo riwaya, za kweli, kama Barua za Shaaban Robert za 1931 mpaka 1958 kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, zilizochapwa 2002. Hizo ninasoma moja moja, na nyingi sizisomi siku moja.

Mama yangu Kifaransa hakisomi. Kwa miaka nilikuwa namsimulia Ramatoulaye kwa mdomo, mpaka mtu anayefanya biashara Dar es Salaam akaniletea Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya Clement Maganga. Ni Kiswahili cha Tanzania, kimenyooka kuliko chetu, kuna maneno mama alikuwa ananisimamisha niyaeleze, lakini nilimsomea chote, jioni jioni, sura mbili tatu. Nilidhani ninakijua, hiyo ilikuwa mara yangu ya nne. Lakini kusoma kwa sauti mbele ya mtu aliyefiwa na bwana, na ambaye alikaa miaka mitano anangoja karatasi za mdogo wake, ni kitu kingine, sauti yangu ilikuwa inabadilika yenyewe. Kwenye ile sehemu ya Fiat alisema rudilia. Kwenye siku Tamsir, kaka ya marehemu, anakuja kutaka kumwoa Ramatoulaye, na Ramatoulaye anamwambia yote aliyoyafunga moyoni miaka 30, mama alipiga makofi.

Nikamuuliza kama haoni ajabu, mtu kumwambia rafiki yake mambo ambayo rafiki anayajua tangu zamani. Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha mtoto. "Sasa ulitaka amwambie nini?"

Mama mdogo yuko Lubumbashi mpaka leo. Kwa kawaida tunaongea kwa wasapu, anatuma sauti, tunasikia majogoo ya kwake nyuma. Lakini sauti mama hawezi kuzirudia, zinapotea kwenye simu, mara simu inajaa wajukuu wanafuta. Njo nikamwomba mama mdogo aandike, kwenye karatasi, hata moja. Njia siku hizi zimekuwa ngumu tena, ilipita kwa mikono ya watu watatu, ilifika imekunjwa mara nne, imelowa pembeni, mwandiko umekuwa mkubwa kuliko zamani juu macho yanamsumbua.

Mama akanawa mikono kwanza, akakaa. Nikafungua. Salamu kwa wote, majina yote, hakumsahau mtu. Afya. Mvua. Halafu mstari wa tano, "Dada, unakumbuka ile siku tulikuwa kwenye bato na kuku." Nikageuza karatasi kuona imebaki kiasi gani. Kuku alikuwa amechukua kurasa nzima.

Mama akaweka mkono wake juu ya wangu. "Hapo," akasema, "usiende haraka."